Nani Alikuona?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika kwetu Buguruni, acha nikuelekeze. Ukishuka kituo cha Sheli usifuate msururu wa watu wanaokimbilia sokoni, wewe ingia mitaa ya ndani kama mtu anayekwenda Malapa. Ukikutana na mtoto yeyote muulize, "Wapi wanapopiga karate?" Atakushika mkono mpaka mlangoni. Ni ua wa sakafu ya saruji nyuma ya nyumba ya urithi. Wenye nyumba hawajaelewana kuiuza, na hiyo ndiyo pona yetu, maana siku wakielewana sisi hatuna pa kwenda. Pale ndipo nilipoingia mwaka 2013 nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo sijatoka.

Leo nataka kuandika habari za cheti. Sio cheti cha kidato cha nne. Hicho changu kina daraja ambalo mama yangu hulitaja kwa sauti ya chini hata tukiwa wawili tu ndani. Nasema cheti cha mkanda mweusi, kile chenye muhuri mwekundu na maandishi ya dhahabu, ambacho nilikinunua.

Ndiyo, nilikinunua. Nimeanza na hilo ili usije ukasema nilikuzunguka.

Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Kariakoo. Akitoka kazini asubuhi analala, jioni anakuja uani na suruali ya gi iliyotiwa viraka magotini. Sisi gi zetu tulichagua kwenye mitumba ya Karume, nyingine zilikuwa za judo, nzito kama blanketi, na mikanda alitushonea fundi cherehani. Ada ilikuwa unacholeta. Kuna mwenzetu alilipa ndoo ya maji kila siku ya mazoezi, mwaka mzima.

Ukutani pale uani hapakuwa na cheti hata kimoja. Siku moja mzazi aliuliza, Mwalimu akacheka. Akasema, "Ukitaka kunijua mimi ni nani, kamuulize aliyenipiga." Akamtaja aliyemfundisha, mtaa anaokaa, na saa anayopatikana nyumbani. Sisi tuliona ni mzaha tu. Sikujua kwamba pale alikuwa ameonyesha cheti chake chote.

Aliyemfundisha alikuwa amepitia Zanaki. Kwa wasiojua, karate ya Goju-ryu hapa mjini ilipata mizizi miaka ya 1970, pale Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alipofungua darasa katika Shule ya Sekondari ya Zanaki katikati ya jiji. Waliopita mikononi mwake walitawanyika na mafunzo yale mitaani, wengine uswahilini kama kwetu ambako hata jina la Okinawa, kisiwa karate ilikotoka, watu walilisikia kwenye mazoezi tu. Kwa hiyo mnyororo upo. Mimi nilipigwa na Mwalimu, Mwalimu alipigwa na mzee yule, mzee yule alipigwa Zanaki. Lakini mnyororo hauning'inizwi ukutani, na sisi vijana tunapenda vitu vya ukutani.

Mwalimu alifariki masika ya mwaka 2019. Mimi nilikuwa na mkanda wa kahawia, mkubwa kuliko wote waliobaki. Baada ya arobaini washikaji walikaa wakasema, "Sensei ni wewe sasa." Nikakataa kidogo, kwa adabu tu, halafu nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini, na kusimama mbele ya watoto thelathini wakikuinamia, jamani, ni utamu usiosemeka.

Miaka miwili baadaye alikuja bwana mmoja na mkoba wa ngozi. Alijitambulisha kuwa ni mwakilishi wa shirikisho la nje, shirikisho lenye jina refu ambalo sitalitaja. Alitutazama mazoezini kwa robo saa, muda mwingi akiwa kwenye simu. Kisha akaniita pembeni. "Kijana, kazi yako nzuri, lakini huna karatasi. Mtu bila karatasi dunia ya leo ni kivuli." Mpango wake ulikuwa hivi: klabu ijiunge na shirikisho lake kwa shilingi laki mbili, na mimi nipewe dani ya kwanza kwa laki tatu na nusu. Mtihani? "Nimeshakuona," akasema.

Nilikuwa na akiba. Nilikuwa nikiiweka kidogo kidogo ninunue kompyuta ya mtumba ya kuandikia riwaya yangu, maana daftari zilikuwa zimefika saba na panya walikuwa wamekula sura ya tatu. Zile fedha ndizo nilizompa. Baada ya miezi miwili bahasha ikafika. Jina langu walikuwa wamelikosea herufi moja. Sikujali. Nikaenda Kariakoo, nikatengeneza fremu ya kioo, nikakipigilia msumari.

Hapa nisimame kidogo nieleze mambo ambayo nilikuja kuyajua nikiwa nimeshachelewa, yakusaidie wewe au mdogo wako.

Kwanza, karatasi za michezo hii si za aina moja. Kuna usajili wa klabu, ambao kwa hapa kwetu ni shughuli ya Baraza la Michezo la Taifa, chini ya sheria namba 12 ya mwaka 1967. Kuna uanachama, yaani klabu kuwa tawi la shirikisho fulani la ndani au la nje. Kuna daraja, yaani mkanda wako. Na kuna sifa ya ukocha, yaani kwamba umejifunza kumfundisha mtu mwingine bila kumuumiza. Vitu vinne tofauti. Mimi nilikuwa na karatasi ya viwili, ya uanachama na ya daraja, nikajiona ninavyo vyote vinne.

Pili, hata ule mkanda mweusi wenyewe tunaukuza kuliko ulivyo. Utaratibu wa dani haukuzaliwa na karate. Jigoro Kano aliyeanzisha judo mwaka 1882 ndiye aliyeanza kutoa dani mwaka uliofuata, na karate ikaazima: Gichin Funakoshi akawapa wanafunzi wake dani za kwanza mwaka 1924. Na jina la dani ya kwanza kwa Kijapani maana yake ni daraja la mwanzo. La mwanzo! Sisi mtaani mtu akilifikia tunamwona amemaliza.

Tatu, na hili liliniuma zaidi. Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu yetu, alikufa mwaka 1953. Wanafunzi wake wanasimulia kwamba hakumpa hata mmoja wao mkanda mweusi. Waliobaki ndio waliofungua nyumba zao, Eiichi Miyazato na Jundokan yake, Meitoku Yagi na Meibukan, Seikichi Toguchi na Shoreikan, na mwaka 1979 Morio Higaonna akaanzisha shirikisho la kimataifa. Kila nyumba ina vyeti vyake na mihuri yake, na leo ukijiunga na hii ile haikutambui. Si kwamba vyeti hivyo ni uongo. Vingi vimetolewa jasho haswa. Lakini ukivifuata nyuma mpaka mwisho, unamkuta mtu mmoja asiye na karatasi, anayetazama wanafunzi wake wakifanya kata.

Basi, cheti kikakaa ukutani, na watoto wakaongezeka. Wazazi wakipita wanasoma, au wanatazama ule muhuri, wanaingiza mtoto. Nikapandisha ada.

Mwaka 2022, Jumatano moja jioni, niliwapanga watoto wawili wawili nikawaambia wafagiane mguu. Mwalimu asingefanya vile. Mwalimu alitufundisha kuanguka miezi mitatu, kwenye magunia ya pumba, kabla hajaruhusu mtu kumwangusha mwenzake. Mimi nilikuwa na haraka, kulikuwa na wageni wanatazama mlangoni. Mtoto wa miaka tisa alianguka na mkono nyuma juu ya saruji. Nilisikia ule mlio. Waandishi wenzangu, msije mkanitaka niueleze.

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Kesho yake mama yake akaja uani. Anauza vitumbua asubuhi, alikuja bado ana unga mikononi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wewe una ruhusa ya kufundisha watoto?"

Nikanyoosha kidole ukutani.

Akasogea, akakitazama. Kiingereza kile hakukisoma, ila dhahabu aliiona na muhuri aliuona. Akakaa kimya, halafu akageuka akasema, "Nisamehe mwalimu. Ni uchungu wa mzazi tu. Ajali haina kinga."

Aliniomba msamaha mimi! Akaondoka, nami nikabaki nimesimama chini ya fremu yangu. Msomaji, nimewahi kupigwa ngumi ya tumbo nikatapika, lakini sijawahi kupigwa kama siku ile.

Pale mtaani kwetu kuna mzee muuza kahawa, asili yake Lamu, kaja mjini zamani sana. Jioni ile nilikaa kwenye benchi lake nikamweleza, nikitegemea anipoze. Hakunipoza. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe wasema una daraja. Alikuona nani?"

Nikamwambia yule bwana wa mkoba.

"Robo saa? Na simu mkononi?" Akanimiminia kikombe. Ndipo akaanza kunieleza kirumbizi. Kwao Lamu, kwenye Maulidi na kwenye harusi, ngoma zinapigwa na zumari inalia, watu wanafanya duara, wawili wanaingia kati na fimbo. Wanachezeana, huyu anapiga, huyu anakinga, mtu akitoka mwingine anaingia. Hakuna cheti. "Lakini Lamu nzima yamjua nani mchezaji na nani mwoga," akasema, "maana wote walikuwapo. Uongo utausemea wapi?"

Nikaenda nayo maneno hayo nyumbani. Na hapa ile riwaya yangu ikanisaidia. Riwaya hiyo ina askari wa Kilwa mwaka 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipouvamia mji ule, na mimi nilikuwa nimehangaika kutafuta namna watu wa wakati ule walivyopigana kwa panga. Katika kutafuta nikakutana na habari za Wazungu wa leo wanaofufua mchezo wa panga za zamani. Kwao mnyororo ulikatika. Hakuna mzee aliye hai aliyefundishwa na aliyefundishwa upanga ule wa karne za kati. Walichobaki nacho ni vitabu, kimojawapo cha mwanzoni mwa miaka ya 1300 kinatunzwa Leeds, Uingereza, na ndani yake kuna michoro ya padri anamfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo. Kwa vitabu hivyo wamefungua klabu na vyama, na ugomvi wao mkubwa ni uleule wa Buguruni: nani ana haki ya kujiita mwalimu, na karatasi ya chama gani ina uzito?

Nilipowasoma mara ya kwanza niliwacheka. Safari hii nikawasoma tena kwa adabu. Walio waungwana kati yao hawasemi, "Mimi ni bingwa mkuu." Wanasema, nimesoma kitabu hiki, nimefanya mazoezi na fulani na fulani, nimepigana kwenye mashindano haya, njoo tupimane.

Na hao mababu zao walikuwa na vyama vya kweli. Kule Ujerumani mwaka 1487 mfalme mkuu Friedrich wa Tatu aliwapa wapiga upanga wa chama cha Mtakatifu Marko hati yake, na aliyetaka ubingwa alikwenda Frankfurt kupimwa na mabingwa wenyewe. London mwaka 1540 Henry wa Nane aliwapa mabingwa wa pale hati yao. Walikuwa na ngazi nne, kuanzia mwanafunzi mpaka bingwa, na kupanda ngazi ilikuwa ni kusimama mbele za watu na kupigana na walioshafika, mmoja baada ya mwingine, silaha baada ya silaha. Muhuri wa mfalme ulikuwapo, lakini haukukuondolea kupigwa mbele ya macho ya watu. Nikamkumbuka mzee wa Lamu na duara lake. Nikamkumbuka Mwalimu: kamuulize aliyenipiga.

Jumapili nilifunga safari mpaka kwa yule mzee aliyemfundisha Mwalimu. Nilibeba cheti kwenye mfuko wa rambo, na fremu yake. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, nikatoa kile kitu. Hakukishika. Alisema, "Kiweke hapo. Fanya Sanchin."

Nikavua shati. Sanchin ni kata ya polepole, unaonekana husogei, ila mtu anayejua akikuzunguka akikupiga mabegani na mapajani anakusoma mpaka ndani. Alinirudisha mwanzo mara tano. Nilipomaliza jasho lilikuwa limeandika ramani sakafuni. Akasema, "Mwili wako ni wa mwanangu, namwona humo. Daraja lako ni la kahawia, alilokupa yeye. Kufundisha hujui, hakuna aliyekufundisha kufundisha. Nani alikwambia ni kitu kilekile?"

Mwaka mzima baada ya hapo, kila Jumanne na Alhamisi, nilikuwa nakwenda kwake kusaidia darasa la watoto. Kazi yangu ilikuwa magunia. Mtoto anaanguka, mimi natazama mkono wake umekwenda wapi. Alinilazimisha pia nijifunze huduma ya kwanza, namna ya kuutuliza mkono uliovunjika kwa ubao na kitambaa kabla ya kumpeleka mtu hospitali, kitu ambacho siku ile ya ajali sikukijua, nilimbeba mtoto wa watu mkono unaning'inia.

Uani kwetu nilirudi nimevaa mkanda wa kahawia. Nikawaambia wanafunzi ukweli wote, na kiasi nilichotoa. Kuna waliocheka, kuna waliotukana, na zaidi ya nusu wakahama. Mmoja akaniambia, "Sensei, ungenyamaza tu, nani angejua?" Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nimeishi.

Aliyekuwa mgumu kumwendea ni mama wa mtoto. Nilimkuta kwenye kikaango chake asubuhi. Nikamwambia, "Mama, kile cheti nilichokuonyesha nilikinunua. Mwanao aliumia kwa kosa langu, siyo ajali." Aligeuza vitumbua vyote kwenye kikaango, kimoja kimoja, ndipo akaniangalia. Nilijua atanimwagia mafuta. Akauliza swali moja tu: "Sasa hivi anayekuangalia wewe ni nani?"

Nikamtajia yule mzee na mtaa wake.

"Nitakwenda kumuuliza," akasema. Na kweli alikwenda, alipanda daladala mbili akaenda kumuuliza. Walichoongea sijui mpaka leo. Mtoto alirudi uani baada ya Ramadhani. Wiki nzima ya kwanza hakufanya chochote zaidi ya kuanguka kwenye magunia.

Vijana wenzangu wa kalamu, msidhani natukana vyeti. Mzee yule akiona nimeiva atanipa karatasi, nami nitaipokea kwa mikono miwili. Klabu tunashughulikia usajili wake kwa njia halali, maana mzazi ana haki ya kujua ofisi ya kwenda kushtaki. Ninachosema ni kwamba karatasi ni shahidi, na shahidi anaulizwa alikuwa wapi. Ukijiunga na chama, cha karate, cha ngumi au cha waandishi, uliza kwanza nani pale ndani atasoma kazi yako akakurudisha mwanzo mara tano. Kama hakuna, umelipia fremu.

Ile fremu ya Kariakoo bado ipo ukutani, kioo kizuri sikutaka kukitupa. Ndani yake nimeweka karatasi ya daftari: jina la Mwalimu, jina la aliyemfundisha, jina la anayenisimamia, na namba ya simu ya kumpata. Mzazi akija kuuliza ninamwonyesha pale, namwambia piga.

Kompyuta bado sijanunua. Riwaya imefika daftari la tisa.